Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Lugha ya Shaka ya Umma kuhusu Gharama za Mashindano Makubwa ya Michezo

Utangulizi

Methali isemayo "Mgeni njoo, mwenyeji apone" hufundishwa shuleni kama sifa ya ukarimu. Mgeni anapobisha hodi, kuku huchinjwa na wali hupikwa, na mwenyeji ambaye kwa siku nyingi amekuwa akila ugali kwa dagaa naye hupata kitoweo. Maelezo hayo ni sahihi, ila hayaimalizi methali. Methali haisemi kuku ni wa nani, wala haisemi mwenyeji atakula nini kesho yake, mgeni akishaondoka. Mambo hayo mawili yaliyonyamaziwa ndiyo yanayoulizwa na wananchi wa Afrika Mashariki kila serikali zao zinapotangaza kwamba zimepata heshima ya kuandaa mashindano makubwa ya michezo.

Tarehe 27 Septemba 2023, mjini Cairo, Shirikisho la Soka la Afrika (CAF) lilizipa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Ombi la nchi hizo liliitwa Pamoja, neno lisilohitaji mkalimani katika nchi yoyote kati ya hizo tatu. Kabla ya fainali hizo, nchi hizohizo ziliandaa Michuano ya Mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani (CHAN), iliyofunguliwa Dar es Salaam tarehe 2 Agosti 2025 na kumalizika Nairobi tarehe 30 Agosti, Morocco ilipoifunga Madagascar mabao 3 kwa 2. Furaha ilikuwa kubwa, na shaka pia ilikuwa kubwa. Mara nyingi mtu yuleyule aliyeshangilia bao ndiye aliyeuliza bei ya uwanja.

Mhadhara huu hauamui kama mashindano hayo yana faida au hayana. Hiyo ni kazi ya wachumi, na wachumi wenyewe hawajaafikiana. Kinachochunguzwa hapa ni lugha inayotumika kuisema shaka ya umma na kuijibu. Hoja kuu ni kwamba mabishano mengi kuhusu gharama hizi hayafiki popote kwa sababu maswali mawili tofauti huulizwa kwa neno moja la kuulizia, na anayejibu huchagua kujibu lile lililo rahisi. Mfano utakaotumika ni Chato, mji ambao haumo katika orodha ya miji ya mashindano hayo. Mji usiopangiwa mchezo hata mmoja, lakini ulio na historia ndefu ya kupokea wageni wa taifa, unafaa kwa uchunguzi huu kuliko Dar es Salaam au Arusha.

Mwenyeji ni nani?

Neno mwenyeji lina maana tatu zinazokaribiana. Ni mkazi wa mahali, mtu anayezijua njia na visima vyake. Ni mtu anayepokea wageni. Tena ni mzoefu, kama inavyosemwa kwamba fulani ni mwenyeji wa shughuli za uvuvi au wa taratibu za mahakama. Aghalabu neno hili huelezwa kuwa limetokana na mwenye na mji. Katika maisha ya kijijini maana hizo hazikuwa na sababu ya kutengana: anayempokea mgeni ndiye mkazi, ndiye mwenye kuku, na ndiye atakayebaki na banda lililopungua. Lugha ikaridhika na neno moja.

Mikataba ya michezo ya kimataifa imezitenga maana hizo huku neno likibaki lilelile. Anayeweka saini ni serikali na shirikisho la soka. Ada ya uenyeji iliyotajwa hadharani ni dola za Marekani milioni 30 kwa kila nchi. Mjini Arusha uwanja wa watazamaji wapatao 30,000 ulianza kujengwa mwaka 2024 kwa takriban shilingi bilioni 286. Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam, wenye viti 60,000 na uliofunguliwa mwaka 2007, ulitengewa takriban shilingi bilioni 31 za ukarabati. Kenya ilianza kujenga uwanja mpya wa Talanta jijini Nairobi, nao wa watazamaji 60,000, kwa hati fungani za takriban shilingi za Kenya bilioni 44.8, ambazo ziliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwezi Julai 2025. Uganda ilijenga uwanja Hoima, katika ukanda wake wa mafuta. Katika kila tarakimu kati ya hizi mwenyeji wa maana ya pili ametajwa kwa jina na cheo, lakini mwenyeji wa maana ya kwanza hatajwi.

Kutotajwa huko kunaimarishwa na msamiati wa kodi. Nchini Kenya husemwa mlipa ushuru, na neno hilo linamkumbatia mama muuza mboga pamoja na mwenye kiwanda. Nchini Tanzania husemwa mlipakodi, na katika fikra za wengi huyo ni mfanyabiashara mwenye namba ya utambulisho na mashine ya risiti. Mvuvi wa Chato analipa ushuru mwaloni. Mkulima wa pamba anakatwa ushuru wa mazao kabla hajaishika fedha yake. Wote wawili hulipa kodi ndani ya bei ya sukari, ya sabuni na ya petroli ya injini ya mtumbwi. Hata hivyo kichwa cha habari kinaposema kwamba fedha za walipakodi zimetumika vibaya, mvuvi huyo anaweza kukisoma na kupita, akidhani anasemwa mtu mwingine. Tofauti hii ya Kenya na Tanzania haijafanyiwa utafiti wa kutosha, na kwa mwanafunzi wa isimujamii ni shamba lisilolimwa.

Kuna tena kitenzi kutoa. Katika taarifa za Tanzania ni jambo la kawaida kusoma kwamba Rais ametoa fedha za kujenga kituo cha afya, barabara au uwanja. Kisarufi sentensi hiyo ni timamu. Kimaana imemhamisha mwenye mali: fedha zilizotoka kwa umma zinarudi kwa umma zikiwa na sura ya hisani. Mfano unaopendwa zaidi ni "Goli la Mama", zawadi iliyoanza mwaka 2023 kwa shilingi milioni 5 kwa kila bao la Simba au Yanga katika mashindano ya Afrika, kiasi ambacho baadaye kiliongezwa. Jina hilo limetungwa kwa ustadi, na washabiki walilipokea kwa furaha ya kweli. Lakini bajeti hukaguliwa, ilhali zawadi ya mama hupokewa kwa mikono miwili. Mtoto anayeuliza mama kaipata wapi huonekana hana adabu.

"Kwa nini Chato?" na "Kwa nini uwanja?"

Chato iko kwenye mwambao wa kusini-magharibi wa Ziwa Victoria. Ilikuwa sehemu ya Biharamulo katika Mkoa wa Kagera, ikawa wilaya, kisha ikaingizwa katika Mkoa wa Geita ulioanzishwa mwaka 2012. Wakazi wake ni Wasukuma, Wazinza, Wasubi, Wasumbwa na wengine waliofuata pamba, samaki na dhahabu ya ukanda wa Geita. Ndiko alikozaliwa John Pombe Magufuli mwaka 1959, na ndiko alikozikwa mwezi Machi 2021.

Katika miaka ya uongozi wake Chato ilikuwa mwenyeji kwa maana ya pili kuliko mji wowote wa ukubwa wake nchini. Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya alifika huko Julai 2019. Januari 2021 alipokewa Wang Yi, Waziri wa Mambo ya Nje wa China, na mwezi huohuo Rais Sahle-Work Zewde wa Ethiopia. Novemba mwaka huohuo, Magufuli akiwa ameshafariki, alifika Rais Yoweri Museveni wa Uganda. Ulijengwa uwanja wa ndege wenye njia ya kurukia ya kilomita 3, kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 39. Tarehe 14 Oktoba 2021 mji huo ukapokea kilele cha Mbio za Mwenge wa Uhuru, zilizokuwa zimezinduliwa Makunduchi, Zanzibar, tarehe 17 Mei. (Neno mbio hapa limesafiri mbali na kitenzi kukimbia, kwa kuwa sehemu kubwa ya safari ya Mwenge hufanyika kwa magari. Hata hivyo, jina ni la riadha, na manung'uniko kuhusu michango na gharama zake yanafanana sana na yale ya mashindano ya michezo.)

Uwanja wa ndege ndio uliozua mjadala mkali zaidi, bungeni na vijiweni. Swali lilikuwa: kwa nini Chato? Jibu lililozoeleka lilikuwa swali jingine: kwani Chato si Tanzania? Ni jibu zito, wala halistahili kudharauliwa. Kwa miongo mingi wananchi wa kando ya ziwa walisafiri kutwa nzima kufuata huduma, wakiona zinajengwa kwingine, na wana haki ya kushuku kwamba anayeuliza anasumbuliwa na wivu tu. Lakini ndani ya "kwa nini Chato" kulikuwa na swali la pili ambalo halikupata sauti yake: kwa nini uwanja? Je, ndege ngapi zitatua, zikiwa na abiria wangapi, na nani atalipa mishahara ya zimamoto na umeme wa taa siku ambazo hakuna ndege? Swali la kwanza ni la mahali. Linahusu haki ya mgawanyo. La pili ni la matumizi, na lingebaki na uzito uleule hata kama uwanja huo ungejengwa Tunduru au Mpanda. Kwa kuwa yote mawili yalivaa "kwa nini" moja, aliyejibu la kwanza alionekana amejibu yote.

Neno uwanja lenyewe lilichangia. Kiswahili kina uwanja wa ndege, uwanja wa mpira, uwanja wa vita, na uwanja wa nyumba ambapo watoto hucheza na mahindi huanikwa. Uwanja wa nyumba haukosi kazi hata siku moja. Sifa hiyo ya manufaa ya kila siku huhamia kimyakimya kwa ndugu zake wakubwa, hata msikilizaji asione haja ya kuuliza kama nao wana kazi kila siku.

Sasa mjadala huo umehamia kwenye viwanja vya mpira, na mtu wa Chato anaweza kujikuta upande wa pili. Arusha imepata uwanja mpya. Kanda ya Ziwa, yenye jiji la Mwanza, haikujengewa uwanja kwa ajili ya fainali hizo. Ni rahisi mno kuuliza "kwa nini Arusha?" na ni rahisi vilevile kujibiwa kwamba Arusha nayo ni Tanzania. Aliyewahi kulitumia jibu hilo kuutetea uwanja wake wa ndege hana ujasiri wa kulikataa. Ndipo thamani ya swali la pili inapoonekana, kwa sababu ndilo pekee ambalo mtu wa Chato na mtu wa Arusha wanaweza kuliuliza kwa pamoja bila mmoja kumwonea mwenzake wivu.

Ni kosa kudhani kwamba swali hilo limeletwa na wasomi au wanaharakati wa mijini. Usukumani kuna mashindano ya ngoma ya Wagalu na Wagika, makundi mawili yanayoshindana kuvuta watazamaji: ngoma inayozungukwa na watu wengi ndiyo imeshinda. Ni mashindano makubwa kweli, yenye maandalizi, dawa, mavazi, nyoka na fisi wa kuchezewa, na wageni wa kulishwa. Msimu wake ni baada ya mavuno. Mpangilio huo wa kalenda ni hukumu ya kiuchumi kabla haujawa mila: kwanza ghala, kisha ngoma. Mzee wa Kisukuma anayeuliza kama serikali imeshavuna kabla ya kuita wageni anatumia kipimo alichorithi, wala hakukiazima kwa mtu.

Kuhoji na kubeza

Katika lugha ya siasa ya Tanzania, anayeuliza kuhusu gharama mara nyingi huambiwa anabeza. "Kubeza juhudi" limekuwa fungu la maneno lisilotenganishika, kama "kupiga vita" au "kula njama". Kubeza ni kudharau, ni kukifanya kitu kionekane duni. Kuhoji ni jambo jingine kabisa. Neno hilo ni la ukoo mmoja na hoja, na anayehoji anadai apewe hoja. Kubeza huhusu hisia za msemaji, na dawa yake ni kumkemea. Kuhoji huhusu jambo lenyewe, na dawa yake ni jibu lenye tarakimu. Kiongozi anapolipa tendo la pili jina la la kwanza, amejiondolea wajibu wa kutafuta tarakimu. Kosa hili si dogo wala si la bahati mbaya, na walimu wa Kiswahili wanaolirudia katika mifano yao ya darasani wanalisaidia kuota mizizi.

Upande wa wananchi nao una wepesi wake. Neno upigaji, kwa maana ya kujinufaisha kwa fedha za umma, limeenea kiasi kwamba hutumika kabla ya ushahidi wowote. Kusema "huo ni upigaji tu" si kuhoji. Ni kubeza kwa hakika, na humpa anayeulizwa sababu ya kutojibu.

Nchi nyingine zimetafuta namna ya kuliuliza swali mapema. Mwaka 1972 wapiga kura wa jimbo la Colorado, Marekani, walikataa kugharamia Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 1976 iliyokuwa imekwisha kupewa Denver. Wakazi wa Hamburg, Ujerumani, walikataa kwa kura ya maoni mwaka 2015 ombi la Olimpiki ya 2024. Montreal haikuuliza, na deni la Olimpiki ya 1976 lilimalizika kulipwa mwaka 2006. Nchini Brazil swali lilikuja barabarani Juni 2013, mwaka mmoja kabla ya Kombe la Dunia. Mfano wa karibu zaidi ni wa Morocco: haikupita hata mwezi mmoja tangu timu yake ichukue kombe la CHAN jijini Nairobi ndipo vijana wake walipojaa mitaani, mwishoni mwa Septemba 2025, wakilinganisha viwanja vya Kombe la Dunia la 2030 na hali ya hospitali zao. Ushindi haukuwanyamazisha.

Apone, atapona, amepona

Kitenzi cha methali kinastahili kuangaliwa kwa makini. Methali haisemi mwenyeji atapona, wala haisemi amepona. Inasema apone, kwa kiishio -e cha matakwa. Ni dua. Mwenye hekima aliyeitunga hakutoa ahadi, kwa kuwa alijua kwamba wapo wageni wanaokula na kuondoka.

Hotuba na mipango ya serikali hubadilisha kiishio hicho kuwa njeo ya wakati ujao: utalii utaongezeka, ajira zitapatikana, uchumi utachangamka. Hapo dua imekuwa ahadi, na ahadi hudaiwa. Shaka ya umma, ikisikilizwa kwa sikio la kisarufi, ni madai ya kuhamishwa kutoka -ta- kwenda -me-. Katika utaratibu wa Tanzania ofisi inayoandika kwa njeo hiyo ni ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye ripoti zake za mwaka huwasilishwa bungeni mwezi Aprili. Lakini mkaguzi huja baada ya karamu. Kati ya -ta- ya waziri na -me- ya mkaguzi hupita miaka, na katika miaka hiyo mwananchi hana njeo ya kusemea isipokuwa ile ya manung'uniko.

Yapo mambo yaliyokwisha kuingia katika -me- na -li-, nayo ndiyo yanayoilisha shaka. Tarehe 30 Aprili 2023 taa za Uwanja wa Mkapa zilizimika wakati Yanga ikicheza na Rivers United ya Nigeria, Afrika ikitazama. Mei 2025, miezi isiyozidi mitatu kabla ya CHAN, mchezo wa marudiano wa fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na RS Berkane ulihamishiwa Zanzibar kwa sababu ya hali ya nyasi za uwanja huohuo. Yalitokea katika uwanja bora kuliko yote nchini. Anayeyakumbuka na kuuliza nani ataitunza Arusha mwaka 2035 hajabeza kitu. Kenya ina kumbukumbu yake: Kasarani, uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, ulikuwepo mwaka 2017 nchi hiyo iliponyang'anywa uenyeji wa CHAN ya 2018 kwa kutokuwa tayari.

Geita kuna kumbukumbu nyingine. Geita Gold ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021, ikamaliza msimu wake wa kwanza katika nafasi ya nne, ikacheza mashindano ya Afrika, kisha ikashuka daraja mwaka 2024. Michezo mingi ya nyumbani iliichezea katika uwanja wa Shule ya Wasichana Nyankumbu, wakati uwanja wa Magogo ukiendelea kujengwa kwa fedha ambazo mgodi hutoa kwa wajibu wake kwa jamii. Fedha hizo zina hesabu inayojulikana na halmashauri inayozipangia kazi, kwa hiyo mkazi wa Geita anaweza kuuliza uwanja huo umechukua nafasi ya madarasa mangapi, na akajibiwa kwa idadi. Ni swali la matumizi katika umbo lake safi, na linaulizwa na watu walioijaza Nyankumbu kwa shangwe.

Furaha ya Agosti 2025 nayo isisahauliwe katika hesabu. Taifa Stars ilivuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake ya CHAN, na ilipotolewa na Morocco kwa bao 1 kwa 0 katika robo fainali Uwanja wa Mkapa ulikuwa umefurika. Walio Chato hawakuwa Mkapa. Kutoka huko hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Asiye na king'amuzi nyumbani huenda kutazama katika kibanda umiza, jina ambalo wananchi wenyewe walilibuni kwa sababu ya mabenchi membamba, joto na msongamano. Mlangoni hukaa kijana anayekusanya kiingilio, na mwenyeji wa mashindano hulipa kabla ya kuingia.